Dagaa wa Mbalamwezi

Kila asubuhi Odeta alikoroga uji kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akaishika redio, maana redio yenyewe haikukubali kusema mpaka ishikwe. Ukiiweka mezani inakoroma, ukiishika inatangaza. Malimi, marehemu mumewe, alikuwa akisema redio ile ina wivu kama mtoto wa mwisho. Basi Odeta aliishika, akasikiliza matangazo ya vifo, akawasikitikia watu asiowajua, kisha akaizima, akaipua sufuria, na siku ikaanza.

Jumamosi ile hakuizima. Matangazo ya vifo yalipokwisha, mtangazaji alisema sasa wanakwenda mwalo wa Nyabuhele, ufukwe wa wavuvi ziwani mbele kidogo ya Kigongo, ambako dhoruba ya Alhamisi usiku ilikuwa imeezua nyumba na kuharibu mali za wavuvi. Alisema wamempata shujaa. Shujaa akakohoa. Odeta alimtambua kwa kikohozi kabla hajatamka neno.

"Nilikuwa mbali sana, kilindini," alisema Josephat, mdogo wake Malimi, ambaye ndiye nahodha wa mtumbwi wa Odeta. "Nilikuwa navua dagaa. Upepo ukaja. Wimbi la kwanza nikalishinda, la pili nikalishinda, la tatu likaumeza mtumbwi mzima mzima na taa zake. Nikabaki na dumu. Nilikumbatia dumu lile mpaka alfajiri."

Uji ulipanda, ukafurika, ukazima moto.

Odeta alisimama na mwiko wake. Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba mtumbwi anaousikia umemezwa ni wake. Ulikuwa na jina lililoandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, *Malimi Hachoki*, na ndicho kitu pekee ambacho Malimi alikuwa amemwachia ukiacha nyumba, redio na binti yao Precious, aliyekuwa chuoni mjini. Jumatano Josephat alimwambia ameupeleka kwa fundi mwalo wa pili ukazibwe nyufa kwa pamba. Ijumaa, dhoruba ilipopita, Odeta alishinda akifukua vyombo kwenye mchanga huku akijifariji kwamba angalau mtumbwi uko salama kwa fundi. Alipomuulizia Josephat aliambiwa amelala.

Jambo la pili lilikuwa kwamba Alhamisi ilikuwa mbalamwezi.

Dagaa hufuata taa. Giza likiwa giza kweli, ukiwasha taa juu ya maji watakusanyika kama watu waliosikia kuna pilau. Lakini mwezi ukishakuwa mduara ziwa lote linawaka, na hakuna dagaa atakayehangaika na kitaa chako. Ndiyo maana siku za mbalamwezi mwalo mzima hupumzika. Wanaume hushona nyavu, hulala, hugombana na wake zao waliowasahau kidogo. Mtoto wa chekechea wa Nyabuhele analijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Aliyekuwa halijui ni mtangazaji kutoka mjini.

"Shujaa," alisema Odeta. Akaiweka redio mezani, ikakoroma.

Mwaloni, bati la kanisa lilikuwa limekunjwa juu ya jiwe kama chapati. Chanja za kuanikia dagaa zilikuwa zimesombwa. Choo cha Awuor, jirani yake Odeta, kilibaki shimo na mlango, bila ukuta hata mmoja. Kazi ilikuwa tele, lakini watu hawakuwa kazini. Walikuwa wamemzunguka Josephat, aliyeketi juu ya kreti la soda na blanketi mabegani katika jua lile la saa nne.

"Shikamoo shemeji," alisema Josephat, akiinuka nusu. Tayari alikuwa na mguu unaochechemea.

"Marahaba. Pole na safari."

"Asante shemeji. Mungu ni mkubwa."

"Vile ulikuwa unavua nini? Redio yangu inakwaruza, sikusikia vizuri."

"Dagaa, shemeji."

"Dagaa." Odeta aliinua uso akatazama angani, taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipotundika kitu. Wavuvi nao wakapata vitu vya kutazama. Mmoja alitazama kucha zake, mwingine alifungua simu isiyo na chaji. "Walikuwa wakubwa?"

"Wa kawaida."

"Nilidhani labda walikuja wamevaa miwani ya jua."

Mtu mmoja alipasuka kicheko, akakigeuza kuwa chafya. Mzee Elias, mwenyekiti wa mwalo, alimshika Odeta kiwiko akamsogeza pembeni, kwa adabu ileile anayotumia kumsogeza mlevi msibani.

"Mama Precious, punguza. Yule mtangazaji hajaondoka, yuko kule anapiga picha choo cha Awuor. Kesho kuna ibada ya shukrani, na wageni wanakuja kutoka mjini na mabati ya kanisa. Wameguswa na habari za Josephat. Tangu mwalo huu uwepo, lini umetajwa redioni kwa jambo jema?"

"Kwa hiyo uongo ni jambo jema."

"Sikusema uongo. Nimesema jambo."

"Na mtumbwi wangu?"

"Redio imesema umezama," alijibu Mzee Elias kwa huruma ya kweli, kana kwamba redio ndiyo iliyokwenda kupiga mbizi. "Pole sana, mama."

Odeta alirudi nyumbani akiwa na majibu saba mdomoni, yote makali, na alisikitika kwamba aliyatafuna peke yake. Alikuwa anasifika kwa majibu. Malimi alipofariki, wanaume walewale wa mwaloni walikuja na benchi lao, wakakaa mbele ya nyumba yake, wakamweleza kwa upole kwamba mwanamke hafugi mtumbwi. Wa kwanza kutaka kuununua alikuwa Mzee Elias. Odeta aliwaambia hatauza. Akaongeza kwamba hatamwomba mtu wa mwalo ule msaada wowote, hata njiti ya kiberiti, na siku wakimwona anaomba wajue Odeta amekwisha kufa na huyo ni mzimu wake. Watu walicheka sana. Maneno yale yalisimuliwa mpaka Kigongo. Tangu siku hiyo aliishi ndani ya maneno hayo kama mtu aliyeshona gauni la kubana na sasa hana ruhusa ya kunenepa.

Mchana Awuor alikuja na panga mkononi, matope mpaka magotini.

"We Mama Precious, nilikwenda kukata matete ya kuzungushia choo changu. Nimechoka kuamkiwa nikiwa mle ndani. Mwenyekiti jana kanisalimia vizuri kabisa, kaniuliza na watoto."

"Ukamjibu?"

"Ningefanyaje, mtu kasema habari za asubuhi." Awuor aliketi, kisha akaacha utani. "Nimeuona mtumbwi wako."

"Uko kilindini. Redio imesema."

"Basi kilindi kimehamia nyuma ya Jiwe la Mbuzi."

Walikwenda pamoja. Nyuma ya jiwe lile kubwa, pale ambapo matete ni mengi na hakuna mtu anayepita, *Malimi Hachoki* ulikuwa umekaa ndani ya maji mpaka mdomoni, umeinamia upande, pua yake ikichungulia kati ya matete. Shingoni ulikuwa na kipande cha kamba ya katani, ya kufungia mbuzi, kimekatika. Yaani Josephat hakuuvuta nchi kavu. Aliufunga kwenye mti kama mtu aliyeingia dukani mara moja, akaenda zake. Kila wimbi lilipokuja mtumbwi uliinuka kidogo na kugonga jiwe, na kila ulipogonga ubao mmoja wa ubavuni ulifunguka kama mdomo wa mtu anayetaka kusema.

"Jioni upepo ukianza utagonga zaidi," alisema Awuor.

"Naona."

"Kesho, kesho kutwa, ni kuni."

"Naona, Awuor."

Walikuwa na sufuria mbili. Walikomba maji mpaka migongo ikakataa, na maji yakarudi kupitia palepale yalipotokea. Walisukuma. Mtumbwi wa mbao uliojaa maji si kitu cha wanawake wawili. Ni kitu cha wanaume wengi na kamba na mtu mmoja wa kuimbisha. Mwishowe waliufunga kwa kitenge cha Odeta kwenye shina la matete ili usigonge sana, wakaketi juu ya jiwe wakihema.

"Ita watu," alisema Awuor.

"Watu gani? Niwaambie njooni mvute mtumbwi uliozama? Wakija, shujaa wao anabaki na nini? Na mabati?"

"Wewe sema tu nisaidieni. Si lazima useme mengine."

"Unanijua mimi."

"Nakujua. Ndiyo maana nimekuja na sufuria, sikuja na wanaume."

Odeta aliinuka, akalikaza tena fundo la kitenge.

Siku ile dhoruba iliendelea kukua. Asubuhi mawimbi ya Josephat yalikuwa ya kufika kifuani, mchana yalikuwa yamepita paa la shule. Saa tisa mamba aliingia kwenye habari, akamtazama Josephat, akaona dumu, akaheshimu, akaondoka. Wanakwaya walikaa kwenye kivuli cha bati lililokunjwa wakimtungia wimbo, na ubishi uliosikika ulikuwa kama mamba aingie kwenye kiitikio au abaki kwenye beti. Watu wenye nyumba zisizo na paa walimpelekea mtu mwenye paa chai na maandazi. Odeta alipita mara mbili akitafuta kamba nene, na mara zote mbili aliulizwa anatafuta nini, akajibu kwamba anatafuta dagaa waliobaki wa Alhamisi. Watu walicheka. Kamba hakupata, kwa sababu hakuiomba.

Jua lilipoanza kushuka Josephat alikuja nyumbani kwake. Alichechemea mpaka kwenye kona ya nyumba. Alipoona hakuna mtu, mguu ukapona.

"Shemeji, nimeambiwa mlionekana Jiwe la Mbuzi."

"Nilikwenda kumtafuta mamba. Nilitaka nimpe pole."

"Shemeji."

"Ulikuwa wapi Alhamisi?"

Josephat aliketi juu ya kinu kilicholala. Bila blanketi alionekana mdogo. "Ng'ambo. Kulikuwa na mpira, wana kioo kikubwa kule. Nilijua mbalamwezi mtumbwi haufanyi kazi, nikasema nitakwenda mara moja na kurudi. Upepo ulinikuta nimesharudi, nimeufunga, niko kilabuni najikinga. Nilipotoka haupo."

"Kwa kamba ya mbuzi."

"Ndiyo iliyokuwepo."

"Na kwa fundi?"

"Fundi nilikuwa nimpelekee Ijumaa." Alijipangusa uso. "Yule dada wa redio alinikuta nimekaa ufukweni, nimelowa, nimeshika dumu nililookota. Aliniuliza ulikuwa unafanya nini ziwani. Kipaza sauti kiko hapa mdomoni. Ningesema nilikwenda kuangalia mpira?"

"Ungesema."

"Halafu wewe usikie redioni?" Josephat aliinua macho. "Shemeji, mimi mawimbi siyaogopi sana. Nilikuogopa wewe. Nilikaa pale ufukweni tangu alfajiri nikijipanga nikuambieje, na kila nilivyopanga nilikuwa nasikia utakavyonijibu, na watu watakavyocheka, na wajukuu zangu watakavyosimuliwa. Nikaona bora nizame."

Odeta alikuwa na jibu. Lilikuwa zuri, lilikuwa limesimama tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini alimwona vile alivyokaa, magoti juu, mikono katikati, kama alivyokuwa akikaa Malimi akiwa na jambo lisilosemeka, na jibu likapoteza makali.

"Kautoeni leo," alisema.

"Leo siwezi. Vijana wote wameaminishwa uko kilindini. Kesho ibada ipite, wageni waondoke, Jumatatu nitawakusanya wawili watatu tukautoe kimyakimya."

"Jumatatu mtakuta kuni."

"Basi waambie wewe. Mtumbwi ni wako. Ukiwaomba, nani atakataa?" Aliinuka kwenye kinu. "Lakini wewe huombi. Sisi tulishaambiwa."

Akaondoka, na kwenye kona ya nyumba akaanza tena kuchechemea.

Jumapili walifunga turubai la buluu juu ya kuta za kanisa. Wageni walikuja na gari lenye mabati juu yake, wakakaa mbele kwenye viti vya plastiki vyenye vitambaa. Mbele kabisa, juu ya meza ya Bwana, walikuwa wameweka dumu. Lilikuwa la njano, limefungwa utepe mweupe shingoni, na mpiga picha alikuwa akilipiga kutoka kila upande.

Awuor alimgusa Odeta ubavuni. "Lile dumu ni langu."

"Nyamaza."

"Nakuambia ni langu, lilichukuliwa na upepo. Limetobolewa chini kote, namwagilia nalo mchicha. Lile ukiliweka majini linakutangulia kuzama."

Mchungaji Yeremia alihubiri juu ya mtu aliyetoka tumboni mwa samaki. Alihubiri vizuri, ila kila alipofika karibu na neno dagaa aliliruka, maana naye alikuwa amezaliwa mwaloni. Kwaya iliimba. Mamba alikuwa amepewa kiitikio. Josephat alisimama, akatoa ushuhuda, na safari hii mawimbi yalifika mahali ambapo hata yeye aliyaogopa, akayashusha kidogo. Wageni walilia. Wenyeji waliinamisha vichwa, na mtu asiyewajua angesema wanaomba.

Odeta alisikiliza yote, lakini sikio lake moja lilikuwa juu. Turubai lilikuwa limeanza kupumua. Liliinuka, likatulia, likainuka tena, likapiga kuta. Kwa kawaida upepo wa ziwa huanza alasiri. Leo ulikuwa umewahi. Kila turubai lilipopiga, yeye alisikia mbao zikigonga jiwe.

"Na sasa," alisema Mchungaji Yeremia, "tunamkaribisha mama mwenye mtumbwi. Amepoteza mtumbwi, lakini amepata shemeji. Karibu mama, utoe shukrani zako kwa kifupi."

Neno kifupi lilimtoka kwa msisitizo. Mzee Elias akageuka kwenye kiti akamtazama Odeta kwa macho ya kusihi. Watu wa nyuma walianza kutabasamu mapema, wakajisogeza wapate kuona, mwanamke mmoja akajiziba mdomo kwa kitenge kujiandaa. Walikuwa wakimngojea. Ndipo Odeta alipoelewa kwamba hawakuwa wakimwogopa hata kidogo. Kwao yeye alikuwa sehemu ya ibada, kama kwaya. Angesema la miwani, angesema la dumu na mchicha, wangecheka mpaka turubai lianguke, wangesimulia mpaka Kigongo. Kisha wangekwenda kula pilau, na mtumbwi ungeendelea kugonga.

Alisimama mbele. Josephat alikuwa ameketi karibu na dumu, jasho likimtiririka, macho chini.

"Bwana asifiwe," alisema Odeta.

"Amina."

"Nimekuja kushukuru. Alhamisi shemeji yangu alinusurika." Alisita. Watu wakavuta pumzi. "Na usiku ule mwezi ulikuwa mkubwa."

Kicheko kilianza nyuma, kidogo kidogo, kama mvua juu ya bati. Mgeni mmoja alitabasamu bila kujua kwa nini. Mzee Elias alifumba macho. Odeta aliinua mkono, na kwa kuwa hawakuwahi kumwona akizuia kicheko chake mwenyewe, wakanyamaza.

"Hayo mnayajua, nami nayajua, na aliyeyasema anayajua. Tuyaache hapo. Mimi si hayo niliyojia." Jibu kali lilikuja lenyewe, kisha la pili, akayaacha yapite. Turubai likapiga ukuta. "Mtumbwi wangu haukuzama. Uko nyuma ya Jiwe la Mbuzi, kwenye matete, na jiwe linaupiga. Ubao mmoja umefunguka. Tangu jana tunauhangaikia mimi na Awuor na sufuria mbili. Nimewapita nyote nikitafuta kamba, mkaniuliza natafuta nini, nikawafanyia mzaha."

Hakuna aliyecheka. Yule aliyejiziba mdomo alishusha kitenge.

"Niliwahi kuwaambia sitawaomba hata njiti ya kiberiti," alisema Odeta, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, si ile waliyoizoea, hata waliokaa nyuma walilazimika kuinama mbele. "Nilisema vile kwa sababu nilijua mtakataa. Peke yangu siwezi. Ule ndio Malimi aliyebaki kwangu. Naombeni mnisaidie kuuvuta, kabla upepo haujakolea. Naombeni."

Wa kwanza kusimama alikuwa Josephat; alitoka chini ya turubai bila kuchechemea, na wanaume wakamfuata.